Chuma Atumwa Kusema Hapana Mpakani

Gurudumu la mkokoteni linalia asubuhi nzima, na mwanamke anayeusukuma hana habari nalo. Mifuko minne ya saruji iko mbele yake, lakini macho yamenasa kwenye hema la wageni kando ya lango la mpaka. Wenzake humwita Chuma.

Kazi yake ni kutoa mzigo kwenye lori la upande huu na kuufikisha kwenye mstari mweupe ulio katikati ya mpaka. Hapo mchukuzi wa nchi ya pili anashika vipini na kuendelea. Mguu wa mtu hauvuki.

"Ukikanyaga mstari tunakuuliza, mwenzetu, uraia umepata lini?" anasema Chuma, na kucheka kidogo.

Sasa nchi hiyo jirani imeomba kuingia kwenye umoja wa nchi ambazo watu na mizigo huvuka mipaka bila kibali. Ikikubaliwa, malori yatapita moja kwa moja, na wachukuzi zaidi ya mia mbili watabaki mikono kichwani. Wajumbe wa umoja wamekuja kusikiliza wananchi. Wachukuzi wamemtuma Chuma, mwenyekiti wao, akaseme hapana.

"Usituangushe, dada," mchukuzi mmoja anamkumbusha. "Huo umoja unaliwa na mboga gani?"

Chuma anaitikia kwa kichwa tu. Binti yake ameolewa ng'ambo, na mimba imetimia. Mimba ya kwanza, uchungu ulimshika binti huku Chuma bado anahangaikia kibali cha kuvuka. Kibali kilitoka kichanga ameshazikwa.

Anaitwa. Wenzake wamesimama nyuma ya hema.

"Wenzangu wanasema hapana, na wana haki," anaanza. "Mkifungua lango bila kuwatafutia kazi nyingine, mtakuwa mmewaua. Hilo nimelifikisha. Lakini mimi, kama mzazi, nasema wakaribisheni. Hata kesho."

"Ala! Tumekutuma hivyo?" sauti inafoka. "Msaliti mkubwa wee!"

Anapotoka, saruji yake imeshachukuliwa na mwingine. Hakuna anayemtazama.

"Uenyekiti wameshanivua, siwalaumu," anasema, akijifuta machozi kwa kiganja. Inauma, na hafichi. Uamuzi wa wajumbe huenda ukachukua miezi.

"Mjukuu huyu sidhani kama nitamwahi. Ila binti yangu bado kijana. Atakayefuata nitampokea mwenyewe, hata kama sitakuwa na kazi."