Jivu la Bodi na Mbegu ya Petta

Nilipomnunulia mama jiko la gesi nilijiona mtoto wa maana sana. Sikufikiria kwamba gesi haina jivu, na kwa mama jivu ndilo dawa ya maharage. Bila jivu, wadudu wanayamaliza kabla ya msimu wa kupanda. Na haya hayakuwa maharage ya sokoni. Ni mbegu aliyopewa na mama mkwe wake kule Petta mwaka alioolewa, na tangu hapo haijawahi kukosekana nyumbani. Mama hakulalamika. Alitafuta jivu lake kwingine, kimya kimya.

Jirani yetu hapa Busia ni fundi wa redio na simu, na chakula cha mchana anakula kwetu kana kwamba alizaliwa hapa. Siku hiyo alikuja na stika aliyopewa na mchuuzi wa maziwa kutoka upande wa Kenya, nyembamba kama ganda la kitunguu, ya kubandika kwenye mtungi ili ionyeshe kama maziwa yamepata joto.

"Mama, ona. Saketi yote imechapwa na wino, kama gazeti. Haina bodi."

Nikamuuliza tofauti ni nini. Nilikoma, maana fundi akipata msikilizaji hanyamazi. Bodi za kijani zilizomo ndani ya redio na simu, alisema, hupakwa shaba kote, kisha asidi inakula ile isiyotakiwa na uchafu wake unamwagwa. Wino unawekwa panapohitajika tu. Tena vyuma vya kwenye bodi hushikizwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Alimeza, akachota tena.

"Zangu nachoma kule nyuma nipate shaba. Jivu yake ni sumu kabisa. Hata kuku isidonoe."

Mama aliweka mwiko chini. "Jivu gani? Ile ya nyuma ya kibanda yako?"

"Hiyo hiyo."

"Basi wacha kula. Hayo maharage nimetoa kwa debe ya mbegu."

Sijawahi kuona mtu akitema maharage kwa adabu. Fundi alijaribu. Nilicheka mpaka nilipomwona mama akilitazama debe la mbegu, yote imechanganywa vizuri na jivu la bodi. Kicheko kikaniisha. Alichimba shimo mbali na kisima, akaimwaga mwenyewe, akalia.

Fundi ndiye aliyekwenda Petta kuwaomba mashemeji wa mama mbegu. Alirudi na kikombe kimoja. Mama akarudia kuni, na jiko langu la gesi likawa la kuwekea sufuria.

Maharage yalipochipua, mchuuzi wa maziwa akapita na stika zilizokwisha kazi, akataka kuzitupa ukingoni mwa shamba. "Mama, hizi hazina shida. Si kama zile bodi."

Mama akamgeukia fundi, aliyekuwa na sahani yake kama kawaida. "Wewe unajua hii vitu. Ikichomwa, jivu yake naweza kutia kwa mbegu?"

Fundi aliitazama stika, kisha sahani. "Wino iko na madini ndani, mama. Na hiyo plastiki... mimi sijui."

Mama alimrudishia mchuuzi stika zote mkononi, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Tia jivu yake kwa mbegu yako, panda kwako kwanza," alimwambia. "Mimi nakuja kuona."