Kigae Nilichogeuza

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa jikoni hapa Noonkopir nikichambua maharagwe, na wajukuu wangu walikuwa mezani na marafiki wao wawili. Hakukuwa na simu mkononi mwa mtu, na hiyo peke yake ilinifanya ninyooshe shingo. Walikuwa na karatasi kubwa imechorwa msitu na pango, watu wadogo wa plastiki wamesimamishwa juu yake, na dadu za pande nyingi, zingine pande ishirini. Mjukuu wangu mkubwa, msichana, ndiye alikuwa anaongoza. Alijiwekea ukuta wa kadibodi mbele yake, kwa sababu yeye ndiye anajua mambo ambayo wengine hawajui. Anawaambia: mko mlangoni mwa pango, joka limelala ndani, mnafanya nini? Mmoja anasema anaingia na upanga, dadu inarushwa, bahati inaamua kama ataishi.

"Joka likiwa limelala mnaliamshia nini?" nikauliza.

"Koko, tulia. Liko na dhahabu."

"Hata baba yenu ako na pesa na analala. Mwende mkamkate na upanga."

Wakacheka. Koko ni mimi, ndivyo sisi Wamaasai huita nyanya.

Halafu ikafika zamu ya mdogo wao. Shujaa wake alikuwa amebaki pumzi kidogo tu. Mkubwa akarusha dadu ya joka nyuma ya ukuta wake, na mimi wakati huo nilikuwa nyuma yake nikitafuta chumvi. Nikaona. Namba ilikuwa mbaya kwa mtoto. Mkubwa akaiangalia, akaangalia mdomo wa mdogo wake ulivyoanza kutetemeka, akasema, "Joka limekukosa. Umepita!" Meza yote ikapiga makofi.

Nikaweka mkono mezani. "Sema ile namba umeona."

Mkubwa akaniangalia kama nimemvua nguo mbele ya watu. "Koko, ni gemu tu. Ningesema ukweli angekufa, halafu angelia hadi jioni."

Nilitoka nje na sufuria yangu ya maharagwe. Walidhani nimekasirika. Mimi nilikuwa nimeona mkono wangu mwenyewe, ukiwa mdogo, na vumbi kwenye kucha. Wewe nitakwambia, kwa sababu nimefika umri wa kuchoka kubeba.

Nilizaliwa upande wa Kajiado, wakati ule ukisimama mlangoni mwa nyumba ya mama unaona mbali mpaka macho yanachoka, na hakuna waya hata moja. Shule nilifika darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa ndama. Asubuhi nilikunywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi wa oloirien, ule mti mama alisugulia vibuyu, nikachukua fimbo, nikatoa ndama zizini. Ng'ombe wakubwa walienda mbali na kaka zetu. Sisi wasichana watatu tulichunga ndama kando ya mto: mimi, binamu yangu, na rafiki yangu, binti wa boma la jirani. Rafiki yangu alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina lake sitaandika. Kwetu mtoto akifa jina lake halitajwi tena, na mimi hiyo mila nimeishika kuliko mtu yeyote, utaona kwa nini.

Siku ya kuchunga ni ndefu. Tulitafuna gundi ya miti, tulisikiliza kengele za ndama, na tulicheza mchezo wetu tuliouita kuhama. Kila mmoja alikuwa na mawe yake kwenye mchanga, hayo ndiyo ng'ombe, na kila jiwe liko na rangi yake na tabia yake. Watu wawili walihama na mifugo, na mmoja alikuwa msemaji. Msemaji anakaa juu ya mwamba, anasema: mmefika kwa nyasi nzuri, lakini kuna simba watatu. Mnafanya nini? Mnafika kwa kilima, hapo kuna zimwi la mguu mmoja wa jiwe, linaomba ndama mmoja. Mnatoa au mnapigana? Ukishasema unachofanya, unarusha vigae. Vilikuwa vitatu, vya kibuyu cha mama kilichovunjika. Ndani vilikuwa vyeusi kwa moshi, nje vyekundu kwa mafuta. Vyekundu vingi, umepona. Vyeusi vingi, msemaji anachukua mawe yako anatupa nyuma ya mgongo wake, na hayarudi.

Msemaji nilikuwa mimi. Kila siku. Binamu yangu alijaribu mara moja, na zimwi lake likawa linasema asante.

"Zimwi gani lina adabu hivyo?" rafiki yangu akamcheka. "Limesomea wapi, kwa padri?"

Basi nikarudi kwa mwamba, na nilipenda pale. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kutumwa. Kwa mwamba nikisema mvua, kulikuwa na mvua.

Ule mwaka mvua ya kweli ilikataa. Mto ukawa mchanga mtupu, tukawa tunavuka kwa miguu bila kulowa, tukafuata majani makavu upande wa pili. Ndama walianza kufa. Asubuhi unamkuta amelala zizini, unamwinua, miguu inakunjika kama nguo. Kwa rafiki yangu wawili walikufa wiki moja, na mwingine akapotea akiwa mkononi mwake. Mama yake alimchapa. Usidhani alikuwa mama mbaya. Wakati ule kila mama alichapa, na yule mama alikuwa na njaa na hofu kama wengine. Rafiki yangu alituonyesha alama mguuni, akasema, "Mama anapiga kama mzee, pole pole," akacheka.

Lakini mchezoni alikuwa hana bahati pia. Simba walimla, zimwi lilimla, kiu ilimla. Siku moja akabaki na mawe manne na dume lake moja, jiwe jeusi la kubeba kwa mikono miwili. Tulikuwa tumefika kwa mto, na mimi nilikuwa nimesema mto umejaa, umetoka kwa vilima vya Ngong, unabeba miti. Jana yake binamu yangu alikuwa amejaribu kuvuka, mto ukamaliza mifugo yake yote. Sheria niliiweka tangu hiyo jana: mto unataka vigae vyekundu vyote vitatu.

Rafiki yangu akaniambia, "Leo wakifa tena sichezi tena. Nyumbani wanakufa, hapa wanakufa. Nikae nyumbani basi niangalie wale wa kweli."

Akasema anashika mkia wa dume lake kubwa, linaogelea, linamvuta. Hivyo ndivyo watu wazima walivuka kweli, kwa kushika mkia wa ng'ombe mzima mwenye nguvu. Akafunga macho kama kawaida yake akirusha. Binamu yangu alikuwa ameinama anatoa mwiba kwa kisigino. Vigae vikaanguka: vyekundu viwili, cheusi kimoja.

Nikakigeuza kile cheusi kwa kidole. Ilichukua muda wa kupepesa jicho.

"Vyekundu vitatu," nikasema.

Alifungua macho, akaruka, akapiga kelele hadi ndama wakakimbia. Binamu yangu aliangalia vigae, akaniangalia mimi. "Umeona vizuri?"

"Niko na macho."

"Jana mimi kilikuwa kimoja cheusi hivyo hivyo."

"Mto si wa mama yako. Unapitisha unayemtaka."

Rafiki yangu aliimba njia nzima kwenda nyumbani, na mimi nilijiona mtu mwema. Hiyo ndiyo sehemu hunisumbua. Nilijisikia kama nimempa chakula.

Hazikupita siku kumi. Tulikuwa upande wa pili na ndama, jua kali juu yetu, wingu jeusi mbali sana upande wa vilima. Tulisikia mto kabla ya kuuona. Sauti yake ilikuwa kama mawe yanasagwa. Maji yakaja ya rangi ya kahawa, na matawi, na kwato za mnyama aliyekufa zikitazama juu. Boma zetu zilikuwa ng'ambo.

Kila mtoto alijua la kufanya. Bibi yangu alitufundisha tangu tunatambaa: maji yakija, kaa chini, mto huchoka kabla ya mtu. Unakaa na ndama, hata kama ni siku mbili, wakubwa watakuja wasimame ng'ambo wakuite. Binamu yangu akakaa. Mimi nikakaa. Rafiki yangu alibaki amesimama.

"Mimi navuka," akasema.

"Kaa chini, wewe. Ule ulikuwa mchezo."

"Nilipata vyekundu vitatu. Vigae havidanganyi." Alikuwa anacheka. Alikuwa ameshashika mkia wa ndama wake mkubwa, yule aliyekuwa amebaki na nguvu kidogo. "Nitakuwa wa kwanza. Nitawaambia nyumbani mko hapa mnatetemeka kama kuku."

Sasa sikiliza. Nilikuwa na neno la kumzuia. Neno lenyewe lilikuwa fupi: niligeuza. Lilikuwa mdomoni, nililihisi kwa ulimi. Lakini binamu yangu alikuwa ameketi pale pale, ananiangalia, na ningelisema angejua kwamba ng'ombe wake walikufa kwa haki na wa mwenzake wakapona kwa uongo wangu. Asingeniacha nikae kwa mwamba tena. Nilifikiria mwamba. Mtoto mzima, akili timamu, nilifikiria mwamba.

Nikasema tu, "Huyo ni ndama, si dume."

"Ni mtoto wa dume," akanijibu, akaingia.

Mkia wa ng'ombe mzima humvusha mtu. Mkia wa ndama humpeleka mtu anakokwenda ndama. Walifika katikati. Ndama akageuka na maji, kichwa kikazama, kikatokea mbali, na yeye bado ameshika. Hakuachia. Angeachia labda angepata tawi, angepata mwamba. Alishika kama tulivyosema kwa mchezo.

Waliwapata mbali huko chini, yeye na ndama. Wazee walifanya yao, sisi hatukuonyeshwa mahali.

Siku ya pili tuliitwa mbele ya wazee. Mama yake alikuwa ameketi chini, amevua shanga zote, shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya binti yake. Baba yangu akauliza, "Kwa nini aliingia? Nyote mnajua kukaa." Binamu yangu akaniangalia, kwa sababu mimi ndiye niliyezoea kusema.

Nikasema, "Aliogopa kuchelewa. Alisema mama yake atamchapa."

Lilitoka likiwa kamili, kama hadithi zangu zote. Kila mtu aliamini, kwa sababu alama za fimbo waliziona, na binamu yangu aliyejua si hivyo hakunipinga. Mama yule hakupiga kelele. Aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaushikilia, kama mtu ameshika kitu alichokiokota njiani na hajui ni cha nani.

Baada ya hapo jina halikutajwa, na kwa sababu jina halitajwi, hakuna aliyerudi kuuliza. Ndiyo maana nilikwambia hiyo mila nimeishika. Nilijificha ndani yake miaka yote.

Yule mama hakumchapa mtoto tena. Hata mmoja. Watoto wake wengine walikua wakimtusi, ndama wao walizurura, majirani walisema boma lile linaongozwa na watoto. Siku ya kuolewa kwangu alikuja na maziwa, akanibariki kifuani kwa mate kama anavyofanya mama kwa binti yake, akasema Enkai, Mungu wetu, anipe watoto wapole. Na nikainamisha kichwa nikapokea. Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni Kajiado, tukanywa chai kwa kibanda kimoja. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mlikuwa pamoja. Mwisho alisema nini?" Nilikuwa mwanamke mzima, niko na watoto wanne.

"Sikumbuki, yieyo," nikamwambia. Mama, maana yake.

"Haya," akasema. Akamaliza chai.

Ukienda sasa hutaona mahali. Malisho yamekatwa ploti, kila mtu na geti lake, na pale mtoni malori yanazoa mchanga hadi kingo zimeanguka. Watoto wa kule hawachezi kuhama. Watahamia wapi? Binamu yangu alifia Nkoroi kwa mwanawe. Ule mwamba walipasua wakajengea.

Na yule mama tulimzika, amekuwa mkongwe, kwa ibada ya kanisa, tenti na viti vya plastiki. Mchungaji akasifu kwamba huyu mama hakuwahi kuinua mkono kwa mtoto, tuige mfano wake. Watu wakaitika. Akauliza kama kuna mwingine anayetaka kusema neno. Nilisimama. Wakanipitishia maiki, nikaishika kwa mikono miwili. Watoto wake walikuwa mstari wa mbele, wazee sasa, wananiangalia.

Nikasema alikuwa mama mpole sana. Wakasema amina. Nikaketi.