Kinyago Nilichokisugua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningemlipa mtu yeyote anisahaulishe, ingawa lazima ningemwomba kwanza apunguze bei.

Nilikuwa kijana, nauza kuku wa kienyeji pale Shelui yanaposimama malori. Akashuka abiria mgeni, homa imemshika, midomo imekauka. Alikuwa mtu wa kabila la Wadan, kwao Ivory Coast, anafanya biashara Kigali. Mama akampa uji. Gari la kumpeleka hospitali Singida lilipofika, akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye shuka: kinyago cha mti, uso mweusi mtulivu, macho membamba kama ya mtu anayesikiliza.

"Baba yangu alikivaa kwenye ngoma mpaka anakufa," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Nitunzie hivyo hivyo."

Neno "hivyo" alilitaja mara mbili. Mimi ninayehesabu kuku mara mbili kabla ya kufunga tenga, sikulisikia hata mara moja.

Wiki tatu kimya. Nikajiambia huyu harudi, na kitu kichafu hakina mnunuzi. Nje nikakipaka mafuta ya alizeti, kikang'aa. Ndani, penye paji na mashavu, kulikuwa na weusi ulioganda kama masizi ya sufuria. Nikachukua msasa, nikasugua mpaka mti ukawa mweupe. Nikajisifu, tena kwa sauti.

Kesho yake akashuka kwenye basi, amekonda, anacheka. "Kaka, baba yuko wapi?"

Nikampa. Mbele hakupatazama. Alikigeuza, akaingiza uso wake ndani, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Jasho lake liko wapi?"

"Ule uchafu? Nimekutolea, tena bure."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyamaza, we mtoto! Umemfuta baba wa mtu!"

Mgeni hakunitukana. Angetukana ningejibu, ugomvi nauweza. Alikifunga polepole, akamshukuru mama kwa uji, akapanda basi. Sijamwona tena.

Basi mwanangu, ukiwekewa kitu cha mtu, usikirekebishe kwa macho yako. Uliza kwanza mwenyewe anapenda nini ndani yake, hata ukionekana mshamba. Mimi niliambiwa bila kuuliza, na bado nikaharibu.

Mungu akupe masikio yaliyo mepesi kuliko mikono yako. Na kila utakachoaminiwa, akujalie ukirudishe hivyo hivyo.