Bomba Langu la Moshi na Chombo cha Mama

Nilipokuwa nafundisha Balambala, nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kisomali mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kumimina chai. Jiko la kibanda cha uani nililijenga mwenyewe kwa udongo, nikalitia bomba la bati lililotokea ukuta wa nyuma, likapinda kwenda juu hadi kimo cha kichwa changu. Nina pumu, na daktari alishanionya nikae mbali na moshi. Mama sikumwambia, nisije nikaonekana goigoi. Kikohozi changu alidhani ni vumbi.

Wiki mbili moshi ulipaa vizuri, nikajiona fundi. Kisha kila jioni ukaanza kurudi ndani. Nikazima moto, nikangoja jiko lipoe, nikasugua bomba kwa gunia lililofungwa kwenye fito. Masizi yalitoka kiganja kimoja tu. Kesho yake nikaziba nyufa. Kesho kutwa nikazilaumu kuni, eti mbichi. Kuni za Balambala, na jua lile! Mama akanitazama nilivyochafuka.

"Mwalimu, leo wewe ndiyo sufuria."

Sikucheka. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi hadi darasani, na barua ya kuomba uhamisho nilishaiandika, bado sahihi tu. Iliniuma. Nilikuwa nimepapenda pale, na chai ya mama, yenye maziwa yanayonukia moshi, nilikuwa nimeizoea vibaya.

Jioni moja kikohozi kilinitoa mbio, nikazunguka nyuma ya kibanda kutafuta hewa. Lo! Chombo cha maziwa cha mama kimefunikizwa juu ya mdomo wa bomba langu, naye amekishika kwa mikono miwili kisiangushwe na upepo. Anakifukiza, ili maziwa yasiharibike upesi.

"Mama! Tangu lini?"

"Siku mingi. Hii bomba si ya maziwa? Moto yako ikizima, mimi natoa."

Kumbe! Kila nilipokagua, moto ulikuwa umezimwa na chombo kimeshakwenda zake. Nilitaka kukasirika, ila kicheko na kikohozi viligombania koo. Nilipopata pumzi nikamweleza yote, pumu na barua. Akakiweka chombo chini.

"Wallahi, abaayo, ungesema," akasema, akiniita dada kwa Kisomali.

Kesho yake nikaongeza kipande cha bomba asichoweza kukifikia. Kiti nilichopandia alikishika yeye mwenyewe, akiniambia nimepinda kuliko bomba. Kisha akahamisha ufukizaji mwisho wa ua, juani, akachutama juu ya makaa huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jioni jiko langu halikutoa moshi ndani hata kidogo. Nikaletewa chai, nikaonja kwa wasiwasi. Ilinukia vilevile.

"Kunywa," akasema mama. "Halafu lete hiyo barua. Kesho nataka kitu ya kuwasha makaa."

Nikaenda kuileta.