Kabla ya Kununua Gari la Ndugu Eliya

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, huacha ninachofanya nikakaa chini. Ni siku ile babu yako Daudi alipofika nyumbani kutoka Molo akitabasamu tangu langoni, akatuambia amepata gari la kununua.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulikaa hapa kwangu mimi bibi yako, mtaani Free Area, ukinionyesha picha ya gari kuukuu la kupanda milima. Nilipokuuliza kama unajua limekaguliwa wapi, na kama limewahi kukataliwa, ulicheka ukasema, "Shosho, wacha wasiwasi, mwenye kuliuza ni mtu wa kanisa letu." Nikaondoa vikombe. Usidhani nilikubali.

Tulikuwa tukiishi Keringet miaka hiyo ya hamsini, kabla ya Uhuru. Babu yako alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba, na usidhani niliolewa na mjinga. Aliisikiliza injini mara moja tu akajua inaumwa wapi. Ila alikuwa amechoka kuendesha mali ya watu. Alitaka gari lake mwenyewe, la kushusha viazi na abiria hadi stesheni ya Molo, maana mvua ikianza kule juu barabara huwa uji, na lori la kawaida hulala palepale. Nami nilikuwa na mimba ya mama yako. Daudi alitaka mtoto wake wa kwanza azaliwe akimkuta baba ana chake.

Mwenye gari alikuwa Ndugu Eliya, mpasua mbao wa Molo. Siku hizo uamsho ulikuwa umewaka makanisani mwetu. Watu walisimama mbele ya wote wakatubu, huyu aliiba mahindi ya jirani, yule alimpiga mkewe, na waliookoka wakaitana ndugu. Sasa, ndugu hakuombwa ushahidi wa neno lake. Ukimwomba akuthibitishie, umemwita mwongo mbele ya Mungu. Ndivyo tulivyoishi, na kwa mambo mengi tuliishi vizuri, hata milango yetu haikujua kufuli.

Gari lenyewe lilikuwa la jeshi, liliuzwa vita vilipokwisha. Lilikuwa na turubai juu, na magurudumu yake yote manne yalivuta. Gari la kubeba abiria lilitakiwa kupita kwanza kwa mkaguzi wa Nakuru. Yeye huingia chini yake, akagonga huku na huku, akajaribu breki na usukani. Daudi aliyajua hayo yote. Alikuwa amelizungusha gari uwanjani kwa Eliya na kuona linakwenda vizuri, akaridhika.

Siku hiyo alipotuletea habari, mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa akimenya viazi. Alikuwa ameishi miaka mingi katika nyumba za reli kule Nakuru, mke wa mfanyakazi wa reli, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mkaguzi wa Nakuru alisema nini juu ya hilo gari?" akauliza.

"Mama, nitamuulizaje ndugu jambo kama hilo? Yule ameokoka."

"Sijakataa, ameokoka. Na gari nalo liliokoka lini?"

Mimi nilicheka, Daudi naye akacheka. Mama hakucheka hata kidogo. Aliweka kisu chini.

"Ng'ombe tu tunamfuata mpaka boma alikozaliwa. Tunauliza mamake alikuwa wa namna gani, tunauliza kama amewahi kutupa mimba, na mwenyewe hakasiriki. Hiki chuma kitakachobeba watoto wa watu ndicho mnaogopa kukiulizia?"

"Nitalipeleka Nakuru mwenyewe, mama. Wacha kwanza nimalize kushusha viazi Molo, vitaoza."

"Lipeleke kwanza."

Alilinunua, na hakulipeleka. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Daudi wangu hakupata hata bahati ya kuvunjika guu tu.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, naye anashuka kuelekea Molo na magunia ya viazi na akina mama wawili wa soko. Katikati ya mteremko usukani ukakatika, akabaki ameshika duara tupu. Wale akina mama walirushwa matopeni wakapona. Yeye gari lilimlalia. Waliolivuta kutoka bondeni waliona kwamba chuma cha usukani kilikuwa kimewahi kuvunjika zamani, kikachomelewa, kisha kikapakwa lami ya kuzuia kutu, ikalifunika kovu.

Siku ya mazishi Ndugu Eliya alikuja. Aliomba nafasi ya kusema, akapewa kama ilivyokuwa kawaida yetu.

"Bwana asifiwe, wapendwa," alisema, na machozi yakamtoka. "Mkaguzi alilirudisha gari hili mara mbili kwa ajili ya usukani. Niliuchomelea, nikawa nabebea mbao zangu tu. Nilingoja Ndugu Daudi aniulize. Angeniuliza, nisingeweza kumdanganya."

Nilimwamini, mwanangu, na hapo ndipo uchungu uliponiingia. Hakuwa mwongo. Jibu lililoweza kumwokoa mume wangu lilikuwa mdomoni mwa yule mtu siku zote, likingoja swali.

Mama mkwe aliinuka polepole, akamtazama.

"Na wewe ulingoja uulizwe?"

Akaketi. Mchungaji akasimama akaomba.

Nilimchukia Eliya kwa muda mrefu, sitakuficha. Mama yako alipozaliwa, Eliya alileta mbao za kunijengea nyumba, nikamwambia azirudishe kwake. Mama mkwe ndiye aliyezipokea, akasema mtoto hawezi kulala nje kwa ajili ya hasira yangu. Alisema kweli, ingawa sikupenda kusikia. Chuki imepungua na umri, lakini nikisikia mtu akisema "namwamini, sina haja ya kumuuliza," huliona tena lile gari mteremkoni.

Basi nenda kamuulize huyo mtu wako wa kanisa. Mketi pamoja, umwambie kwa heshima: naomba kujua gari hili limekaguliwa wapi, lilikataliwa kwa nini, nani alilitengeneza. Halafu usiishie kwake, nenda na kwa waliolikagua, nenda na kwa aliyekuwa nalo mwanzo kama bado yu hai. Akiwa mtu mwema atashukuru, maana pengine ana neno alilokosa namna ya kulianza. Akikasirika, umeshajibiwa, rudi nyumbani kwa miguu. Kuuliza si ujinga, na wala si kumtukana mtu. Aibu ya kuuliza huisha kabla chai haijapoa. Ujane wangu mpaka leo haujaisha.

Mungu akupe mdomo usioogopa, mwanangu. Akutangulie katika kila mteremko, na kila jioni akurudishe mzima kwa wanao.