Mtaalamu na Faili Lisilosikia

Jina la Mtaalamu alijibandika mwenyewe, na watu wa kiwanda cha uchapaji wakalikubali kwa kuwa kumbishia kulichosha kuliko kumnyamazia. Alikuwa fundi wa kompyuta, bwana wa kutembea na funguo kumi na mbili kiunoni, tatu tu kati yake zikifungua kitu. Ukimwita, kwanza anakuuliza umegusa nini. Ukisema hujagusa kitu, anacheka puani.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mpanga kurasa hapohapo. Alikuwa katikati ya kitabu cha hesabu cha watoto, kurasa mia mbili na ishirini, asubuhi ambayo programu yake ilianza kufungua kila ukurasa mpya kwa ukubwa wa kadi. Kwenye dirisha la mipangilio, mahali pa kubadilisha ukubwa hapakuwapo.

“Shemeji, hayo ni mambo ya ndani,” Mtaalamu akasema, akivuta kiti kabla mwenyewe hajainuka vizuri.

Akachimba kwenye mafolda mpaka akalipata faili la mipangilio ya ile programu. Akafuta neno, akaandika jingine, akahifadhi. Muda wote huo programu yenyewe ilikuwa wazi, inamtazama.

“Imekwisha. Funga, ufungue.”

Shemeji akafunga, akafungua. Kadi.

“Umegusa nini?”

Siku mbili nzima akarudia yaleyale, kwa sura ya daktari bingwa. Lilipogoma mara ya sita, akamsingizia mfagizi kwamba anachezea nyaya. Mara ya saba akalifunga faili lisiandikike tena, na programu ikaanza kusahau kila ilichoagizwa. Siku ya tatu akaja na diski mfukoni.

“Hivi ni virusi. Nafuta kila kitu, naweka upya.”

“Na kitabu changu?”

“Shemeji, kuna wakati mtu hukubali hasara.”

“Hasara ya nani? Fungua hilo faili ulilolifunga, halafu toa mkono hapo, kabla sijamwambia mdogo wangu ameolewa na nani.”

Akalifungua, akatoka amenuna, funguo zikilia njia nzima.

Mpanga kurasa akabadilisha neno kama alivyomwona Mtaalamu akifanya, akafunga programu, kisha akatazama saa iliyoandikwa kwenye faili. Ilikuwa ya dakika ileile aliyofunga. Kumbe programu ikifungwa huandika upya inayoyakumbuka, juu ya chochote ulichoweka! Basi akaifunga kwanza, ndipo akabadilisha. Bado kadi. Hakumlaumu mtu. Akafungua maelezo ya mfumo wa kompyuta, yale ambayo Mtaalamu alisema ni ya wanaoanza, akasoma polepole. Mfumo wenyewe, yalisema, hushika nakala ya mipangilio kwenye kumbukumbu, na programu huuliza nakala hiyo badala ya kusoma faili. Anayetaka mabadiliko auamuru mfumo, asipitie mlango wa nyuma. Amri ilikuwa mstari mmoja. Akaiandika, akafungua programu, ukurasa ukaja mpana, kamili. Akanywa maji, akaendelea na zoezi la kugawanya.

Mchana meneja akapita, Mtaalamu nyuma yake.

“Imepona?”

“Kuna sehemu niliibana jana,” Mtaalamu akawahi. “Ilihitaji muda wa kuingia.”

“Sehemu gani?” shemeji akauliza.

“Ya ndani.”

Meneja akaridhika, kama wanavyoridhika mameneja, na wiki ileile akamtuma Mtaalamu akawafundishe wenzao wa tawi la pili, ambako kadi zilezile zilikuwa zimeanza. Huko akawafundisha kulifungua faili, kufuta na kuhifadhi, programu zikiwa wazi. Kabla ya chakula cha mchana wakampigia simu mpanga kurasa kwa siri. Akawasomea ule mstari herufi kwa herufi, huku sauti ya Mtaalamu ikisikika nyuma yao ikiwaonya wasiguse kitu.

Mtaalamu alirudi na cheti, akakitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Shemeji mtu akienda kumtembelea mdogo wake, huchagua kiti kinachokipa mgongo.