Mkeka wa Jahazini

Jahazi la baba lilivunjwa nikiwa Mtwara, mbao zake zikaishia kwenye majiko ya watu. Hatukuwa na picha yake hata moja. Baba mwenyewe alikwisha kufa. Ndiyo maana safari hii niliporudi Bagamoyo nilikaa barazani kwa mama na kuanza kulichonga upya, dogo la kutosha kukaa juu ya kabati la vyombo. Miji niliyoishi ni mingi na yote nimeiacha. Nilitaka angalau kitu kimoja kibaki nyumbani kabla sijashikwa tena na hamu ya kuondoka.

Kazi kubwa ilipokwisha, yalibaki madogo madogo, nayo ndiyo yanayokula siku. Kamba nilizisokota kwa uzi wa cherehani, nikazipaka nta zisitoe manyoya. Roda za kupitishia kamba nilizifanya kwa shanga. Usukani niliusugua kwa msasa hadi ukageuka bila kukwama. Nyuma nikachora maua ya kijani, kama yale niliyokuwa nikiyatazama utotoni baba akiondoka.

Aliyebaki wa kuniambia kama ndilo au silo ni mama peke yake. Nilimpelekea uani, akiwa anakuna nazi. Akafuta mikono kwa kanga, akalizungusha taratibu.

"Zuri," akasema.

"Ndilo?"

"Zuri, mwanangu. Lakini silo."

Nikarudi barazani. Nikatia nanga, nikauinamisha mlingoti kidogo. Silo. Nikabadili tanga. Silo.

"Mama, sasa nimekosea wapi?"

"Choo kiko wapi?"

"Choo?"

"Kile kisanduku kilichoning'inia nyuma, juu ya maji. Au unadhani mimi, bibi harusi, nilijizuia toka Pangani mpaka hapa?"

Tulicheka hata akaiacha nazi, akashika mbavu. Nilijua kwamba aliletwa kwa jahazi lile alipoolewa, lakini sikuwahi kumwuliza safari ilikuwaje. Mimi nililijua kwa nje tu, kama wanavyolijua wanaobaki ufukweni.

Basi nikaanza kuchonga ya ndani, yeye akinielekeza kwa kidole. Mbele ya mlingoti nikaweka jiko, kisanduku cha mchanga na mafiga.

"Hapo ndipo baba yako alipounguza wali," akasema, "mbele ya shangazi zangu wote."

"Na wewe ulikaa wapi?"

Aliingia ndani, akatoka na ukindu, akauchana kwa wembe wangu hadi ukawa mwembamba kama uzi, akaanza kusuka. Alipomaliza, mkeka ulienea kiganjani mwake.

"Alinisimamishia mkeka nisipigwe na jua. Mabaharia wakamcheka: 'Nahodha, leo unaendesha tanga au mkeka?'"

Niliufunga ule mkeka kwenye vijiti viwili, nikausimamisha karibu na usukani, nikachukua gundi. Mama akanishika mkono.

"Usiugundishe. Jua lilikuwa likizunguka, naye akiuhamisha. Kutwa nzima. Kila nikifumbua macho, nimo kivulini."

Akauchukua, akauweka upande wa pili wa sitaha. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama, amejiziba mdomo kwa kanga.

"Ndilo hili," akasema.

Sasa liko juu ya kabati, kando ya dirisha. Asubuhi mkeka huwa upande mmoja, alasiri huwa upande mwingine. Sijawahi kumwona mama akiuhamisha, na sijamwuliza. Begi langu bado liko nyuma ya mlango. Nilikuwa nimepanga kuondoka kazi ikiisha.

Jana alikwenda harusini Zinga, akachelewa kurudi. Jua lilipoingia dirishani na kulipiga jahazi ubavuni, niliinuka nikauhamisha mimi.